Komodi ya maua na kiangazi cha Lubumbashi

Komodi yenyewe, yaani kabati fupi la droo, ina droo tatu, uso wa mbele umebinuka kidogo, na mwili wake wote umevikwa plakaje, yaani tabaka nyembamba za mbao zilizobandikwa juu ya mbao nene. Ndani ya plakaje hiyo yamepachikwa maua: tulipu, mawaridi, majani yanayojikunja, na ndege wawili wanaotazamana juu ya tundu la ufunguo. Karibu kila petali ni kipande chake cha mbao, kimekatwa kwa msumeno mwembamba na kuketishwa mahali pake. Iko katika nyumba ya familia moja hapa Lubumbashi. Sisi ni mafundi wa kutengeneza samani za zamani, na tuliitwa mwezi wa nane kwa sababu maua yalikuwa yameanza kunyanyuka.

Mwenyewe ni mama mtu mzima aliyeirithi kwa baba yake. Alikuwa ameshapewa shauri na seremala mwingine: kuipiga msasa yote, kubandika palipoachia, kisha kupaka vanishi ngumu ya kisasa. Bei ilikuwa ya kuvumilika na kazi ingeisha upesi, tena arusi ya binti yake ilikuwa Desemba. "Ile ni kitu ya baba yangu," alituambia. "Miye nataka ing'ae tu, sawa vile ilikuwaka."

Ninakieleza kisa hiki kwa kirefu kwa sababu samani za namna hii bado zimo katika nyumba nyingi za Lubumbashi, Likasi na Kolwezi, na nyingi zinaumwa ugonjwa huu huu. Watu huutibu kama ugonjwa wa gundi. Mimi nashikilia kwamba ni ugonjwa wa hewa ya nyumba, na anayeanza na gundi atarudi kubandika kila mwaka mpaka plakaje imalizike.

Kwanza, ilikotoka. Baba wa mama huyu alikuwa mpishi kwa Mbelgiji mmoja mjini, enzi mji ukiitwa Élisabethville. Julai 1960, mwezi ule jimbo la Katanga lilipojitangazia kujitenga na Kongo, mwajiri alifunga mizigo yake na kuondoka, na komodi ikabaki kwa mpishi kama sehemu ya malipo yake. Wakati wa pilaji ya 1991, yaani uporaji wa mwaka ule, familia iliipitisha usiku hadi kwa jirani, na mguu mmoja wa nyuma ukavunjika. Kaka mkubwa aliuunga kwa kipande cha chuma na skrubu nne. Chuma hicho kipo hadi leo, nami nitakirudia.

Nyumbani wanasema komodi ina miaka mia tatu. Nakshi zake kweli ni za mtindo uliopendwa Uholanzi mwishoni mwa karne ya 17, wakati mafundi kama Jan van Mekeren wa Amsterdam walipokuwa wakijaza makabati mazima kwa vyungu vya maua vya mbao. Ila mtindo huo ulifufuliwa katika karne ya 19, na ushahidi wetu ulielekea huko. Jani moja lilikuwa limeshabanduka lote. Mgongoni mwake kulikuwa na mistari ya upinde iliyolingana, alama ya msumeno wa duara unaoendeshwa na mashine. Unene wake ulikuwa kama milimita 1. Skrubu za kitasa, ambazo kwa kila dalili ndizo za tangu mwanzo, zina ncha kali na nyuzi zilizo sawasawa, kazi ya kiwanda. Tulimwambia mama bila kuzunguka. Aliuliza jambo moja tu, kama hilo linapunguza uzito wa kazi yetu. Halipunguzi hata kidogo.

Uchunguzi wa plakaje hauhitaji vyombo vya gharama. Unagonga kwa ukucha, taratibu, kila sentimita mbili, na kusikiliza. Paliposhika panatoa sauti fupi na kavu. Palipoachia panalia kama ganda tupu. Hatuweki alama juu ya samani yenyewe, hata kwa chaki. Tunapiga picha, tunaichapisha kwa ukubwa, na kuchora juu ya karatasi. Tulipomaliza, ramani ile ilizungumza. Juu ya komodi, mapovu na nyufa vilikuwa vimejipanga katika mistari mirefu inayokwenda upande mmoja, sambamba na maungio ya mbao za mwaloni zilizo chini. Ubavuni kulikuwa na ufa mmoja uliosimama wima toka juu hadi karibu na mguu. Nyuso za droo, kinyume chake, zilikuwa karibu nzima. Kama gundi ingekuwa imezeeka tu, ingeachia kila mahali bila mpango. Mistari ilikuwa inaonyesha kwamba mbao za chini zimesogea na plakaje ya juu imeshindwa kuzifuata.

Hapa inabidi kutulia kidogo, kwa sababu kisa chote kinasimama juu ya jambo hili. Ubao hunywa unyevu wa hewa na kuutoa, maisha yake yote, hata baada ya miaka mia mbili. Unapokunywa hupanuka kwa upana, unapokauka hubana. Kwa urefu karibu haubadiliki. Hewa yenye unyevu wa asilimia 80 huufanya ubao ushike maji kama asilimia 16 ya uzito wake mkavu. Hewa ya asilimia 30 huushusha hadi karibu asilimia 6. Ubao wa mwaloni wenye upana wa sentimita 50, ukipewa muda wa kufika mwisho wa safari hiyo, hupungua kati ya milimita 8 na 18, ikitegemea ulivyopasuliwa kutoka kwenye gogo. Ndani ya nyumba haufiki huko, kwa sababu mbao nene huchelewa na vanishi inazuia. Lakini hata milimita 2 zinatosha. Juu yake kuna plakaje ambayo nyuzi zake zimelala upande mwingine, na upande huo plakaje haipungui. Chini kunabana, juu kunakataa. Lazima kimoja kiinuke au kipasuke.

Sasa ifikirie Lubumbashi. Mvua huanza Oktoba au Novemba na kwisha Aprili. Kisha miezi mitano na zaidi bila tone, vumbi jekundu, na mchana wa Septemba ambao midomo hupasuka. Katika sebule ya mama huyu, kipimaunyevu chetu kilisoma chini ya asilimia 35 mwishoni mwa Agosti. Januari kilikuwa juu ya 75. Fundi wa Uholanzi hakuiandalia kazi yake mwendo kama huo. Na bado mji haukuwa peke yake wenye lawama: komodi ilisimama ikielekeana na kiyoyozi, karibu na dirisha la magharibi. Kiyoyozi hukausha hewa. Umeme ukikatika, nyumba inarudi joto na unyevu wake. Ukirudi, kinakausha tena. Kwa hiyo juu ya mzunguko wa mwaka kulikuwa na mzunguko mwingine mdogo, wa kila siku. Jua la jioni nalo lilikuwa limepausha ubavu wa kulia hadi tulipu zake kuonekana kama kivuli cha tulipu za kushoto.

Wadudu hatukuwapata hai. Matundu yalikuwepo, ya zamani. Tuliweka karatasi nyeusi chini ya komodi kwa wiki kadhaa na hakuna unga mpya ulioanguka.

Kulikuwa pia na matengenezo ya nyuma. Mtu alikuwa amesukuma gundi nyeupe ya seremala chini ya mapovu mawili makubwa na kuyapigilia misumari midogo isiyo na kichwa. Sehemu hizo ndizo zilizokuwa mbaya kuliko zote. Gundi nyeupe ikishakauka hushika kwa nguvu mahali pamoja. Ubao ulipobana tena, nguvu ilihamia pembeni na kuvunja mbao za plakaje zenyewe. Tena gundi ya asili, ile ya ngozi na mifupa ya wanyama, haishikani na gundi nyeupe iliyotangulia. Asetoni na joto huilegeza, lakini haitoki yote katika vinyweleo vya mbao. Gundi ya ngozi, kwa upande wake, hulegea kwa maji ya uvuguvugu hata baada ya karne. Ndiyo sababu tunaitumia: fundi atakayekuja baada yetu aweze kufungua tulichofunga.

Taa ya urujuanimno, ya aina ile inayotumika kukagua noti za dola, ilitusaidia kujua kilichopakwa juu. Gizani, shelaki ya zamani, yaani vanishi ya asili inayoyeyushwa kwa spiriti, iling'aa rangi ya chungwa karibu kote. Viraka viwili juu viling'aa tofauti, kibuluu na kizito: vanishi ya juzi. Kwa hiyo sura ile mama aliyoikumbuka utotoni, ule mng'ao wa ndani ndani, ilikuwa bado ipo chini ya uchafu, moshi na nta iliyoganda.

Nilichukua jani lile lililobanduka nikamwonyesha mama kwa kioo cha kukuzia. Mishipa ya jani si mbao nyingine. Ni mikwaruzo ya kisu, myembamba kuliko unywele, iliyojazwa rangi nyeusi. Kina chake hakifiki hata robo ya milimita. Kivuli kinachofanya petali ionekane kukunjika kilipatikana kwa kuchovya ukingo wa kipande ndani ya mchanga wa moto mpaka kikaungua kidogo. Pembeni mwa uso wa juu, ambapo komodi ilikwisha kupigwa msasa wakati fulani, plakaje ilikuwa imebaki milimita 0.4, na majani hayana mshipa hata mmoja. Ni rangi ya kahawia tu, umbo bila uhai. Mashine ya msasa ingeifanya komodi yote hivyo asubuhi moja. Mama aliangalia pande zote mbili, kisha akasema kazi ile nyingine hapana.

Bado kulikuwa na suala la kijani. Tulipofungua bamba la shaba la tundu la ufunguo kulisafisha, chini yake tuliona majani yakiwa ya kijani, kijani hasa, kama yametiwa rangi jana. Majani yote ya komodi hii yalikuwa hivyo zamani, mwanga umeyala. Binti wa mama alitaka tuyarudishie. Naelewa hamu hiyo, na nilikaa nayo muda. Lakini rangi mpya ingepenya kwenye mbao na isitoke tena, na tungekuwa tunakisia kijani cha kila jani kwa kutazama sehemu yenye ukubwa wa sarafu. Pia mawaridi yamepauka, na mandharinyuma ya mjozi imepauka. Kijani kipya kingepiga kelele katikati ya rangi zilizozeeka pamoja. Tulipiga picha ya sehemu ile chini ya bamba, kwa mizani ya rangi kando yake, tukairudishia bamba lake. Kijani kinabaki pale, kimekingwa, kwa yeyote atakayetaka kujua.

Tuliyofanya kabla ya arusi yalikuwa machache kwa makusudi. Vipande vilivyolegea juu tulivifunika kwa karatasi nyembamba iliyobandikwa kwa gundi dhaifu, visidondoke wala visikamatwe na kitambaa cha vumbi. Nyuso za droo, ambazo zilikuwa imara, tulizisafisha. Kwa uchafu wa namna ile hakuna kinachoshinda pamba iliyoloweshwa mate. Hulegeza uchafu wa mikono bila kugusa shelaki, mradi ufute mara moja kwa pamba yenye unyevu kidogo. Kisha nta. Desemba ilipofika, komodi ilisimama sebuleni na maua yake ya mbele yakionekana, na kitambaa cha kufuma kikiwa juu yake, kikificha karatasi zetu. Wageni hawakujua.

Kubandika kwenyewe tulikuahirisha hadi mwisho wa Aprili, na hilo lilizua ubishi hata ndani ya atelye yetu, yaani karakana. Mwenzangu mmoja, fundi mzuri, alisema gundi haiulizi mwezi. Gundi haiulizi, ni kweli, lakini ubao unauliza. Ukibandika na kujaza nyufa mwezi wa tisa, wakati ubao umebana kabisa, Januari utapanuka na kukuta nafasi yake imejazwa. Utasukuma, na plakaje itanyanyuka kama paa. Ukifanya Januari, wakati umevimba, Septemba kila kiungo kitafunguka. Mwisho wa Aprili na Mei ubao uko njiani, karibu na katikati. Kosa lolote litagawanyika pande mbili badala ya kulimbikizana upande mmoja. Ulaya, ambako majumba ya makumbusho yanaweza kushika unyevu karibu na asilimia 50 mwaka mzima, suala hili halina uzito huo. Hapa ningelitanguliza mbele ya uchaguzi wa gundi.

Gundi ya ngozi tuliiloweka usiku, tukaipasha ndani ya sufuria iliyowekwa kwenye maji ya moto, isipite digrii 60, kwani ikichemka hupoteza nguvu. Kwa kila povu tulitafuta kwanza ufa uliopo, tukaingiza maji ya uvuguvugu kidogo kwa bomba la sindano kuamsha gundi ya zamani, kisha gundi mpya nyembamba. Karatasi ya plastiki juu, bamba la zinki lililopashwa moto, ubao, na kibanio. Penye ubinuko tulitumia mifuko ya mchanga wa moto. Mapovu mengi yalilala siku hiyo hiyo. Yale mawili ya gundi nyeupe yalituchosha. Misumari tuliitoa, tukakwangua kwa kisu cha upasuaji kadiri ilivyowezekana, na upande mmoja sikuridhika nao.

Vipande vilivyopotea vilikuwa vichache. Petali nyeupe za maua madogo familia iliziita pembe ya ndovu. Kwa kioo zilionekana kuwa na vitobo vidogo vyeusi kama nukta, alama ya mfupa. Pembe ya ndovu haina vitobo hivyo, ina mistari inayokatizana. Nilifurahi kwa sababu nyingi, mojawapo ikiwa kwamba mfupa wa ng'ombe unapatikana buchani. Tuliuchemsha, tukautoa mafuta, tukaung'arisha, tukaukata. Mahali pa mbao za manjano hafifu tulitumia mlimau uliokatwa katika ua wa jirani, mgumu na wenye nyuzi laini, tukaupasua kwa mkono kufikia unene wa milimita 1. Plakaje ya dukani ya milimita 0.6 ingezama chini ya jirani zake, na mtu angeijaza kwa gundi.

Kwa kipande kimoja chekundu, fundi kijana alileta mukula, mti wa mbao nyekundu wa misitu ya huku. Nilikataa. Wekundu wa mukula huyeyuka kwenye spiriti, na shelaki ni ya spiriti. Ungevuja kwenye petali za jirani. Isitoshe, tangu 2019 mti huo umo katika Orodha ya Pili ya CITES, mkataba wa kimataifa unaodhibiti biashara ya mimea na wanyama walio hatarini, baada ya misitu ya jimbo letu la Haut-Katanga kukatwa kwa pupa, na kipande kisicho na asili inayojulikana sikitaki kwenye meza yangu. Tulitia rangi mlimau.

Nyufa za kubana hatukuzijaza kwa kitu kigumu. Tulitumia nta ya nyuki wa miombo iliyochanganywa na rangi ya unga. Ubao ukipanuka nta inasogea. Shelaki nyembamba ilipita juu, tabaka chache, ikaungana na ile ya zamani. Mguu wenye chuma cha 1991 tuliusafisha kutu na kuuacha. Unasimama imara, na kaka aliyeuunga bado anakuja kuuangalia.

Mabadiliko makubwa kuliko yote hayakufanyika atelye. Komodi imehamia kwenye ukuta wa ndani, mbali na kiyoyozi na dirisha. Chini ya miguu kuna vipande vya fulana nene, maana sakafu ya saruji hupigwa deki kila asubuhi na miguu ilikuwa ikinywa maji. Kuanzia Julai mama huweka beseni la maji pembeni ya chumba na kulijaza likipungua. Kipimaunyevu tumekiacha kwake, na mjukuu wake huandika namba kwenye daftari. Mwezi wa tisa uliofuata, chumba hakikushuka chini ya asilimia 42.

Tulirudi Oktoba kugonga tena, kwa ramani ile ile. Ufa wa ubavuni umefunguka kwa upana wa karatasi, nta imeufuata. Juu kote sauti ni kavu, isipokuwa upande mmoja wa lile povu la gundi nyeupe, ambako ukingo wa waridi umenyanyuka kiasi cha kupitisha ukucha. Tumeufunika kwa karatasi nyembamba. Mwezi wa tano tutaufungua kwa asetoni, tukwangue zaidi, na safari hii tuweke gundi ya samaki, ambayo hubaki nyumbufu zaidi, kati ya waridi na mabaki yatakayokataa kutoka.